SOMO: Panya Akipona, Je, na Sisi Tutapona?



Habari ya dawa iliyoponya panya huwafikia wagonjwa wetu mapema kuliko dawa yenyewe. Tujifunze sababu.

Jeni nyingi za panya zinafanana na zetu, lakini hazifanyi kazi sawasawa. Hata askari wa mwili, yaani chembe nyeupe za damu, hawana mpangilio mmoja. Zile ziitwazo neutrofili ni asilimia 50 hadi 70 kwa binadamu, na 10 hadi 25 tu kwa panya.

Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walilinganisha utendaji wa jeni katika damu ya majeruhi na ya panya, wakasema haulingani. Mwaka 2015 wenzao wa Japani walichambua takwimu zile zile, wakachagua jeni zilizobadilika kwa pande zote mbili, wakasema unalingana sana.

Basi panya huonyesha njia, ila uthibitisho hutoka kwa watu waliokubali kujaribiwa. Tuwasihi wagonjwa wasiache dawa za zahanati kwa sababu ya tangazo.

Kwa majadiliano: Tukisikia "tiba mpya", tuulize kwanza: imejaribiwa kwa nani?