Bei ya Gari Kuukuu ni Mwanzo Tu

Leo tunajifunza juu ya magari makubwa yaliyokwisha kutumika, yale yanayovuta kwa magurudumu yote manne. Vijijini tunayapenda kwa sababu yanapita kwenye matope na kubeba mizigo. Mengi hutoka Japani na kushushwa bandarini Dar es Salaam yakiwa yametembea miaka mingi.

Sisi katika kikundi chetu cha wakulima tulinunua gari la namna hiyo. Tulichanga fedha za mavuno ya misimu miwili. Tulitazama rangi, tukapiga honi, tukafurahi. Hatukubakiza hata senti ya kununulia oili.

Siku moja mpira unaopitisha maji ya rejeta ulitoboka. Tundu lilikuwa dogo tu. Mshale wa joto ukapanda hadi penye alama nyekundu. Dereva alitaka kusimama, lakini sisi tuliokuwa ndani tukamwambia, "Twende tu bwana, mnada umeshaanza." Hatukufika mbali, injini ikazima.

Kwa nini injini ilikufa?

Maji huzunguka ndani ya injini ili kupunguza joto. Maji yakipungua, chuma hupata moto kupita kiasi. Sehemu ya juu ya injini, ambayo mafundi huiita silinda hedi, hupinda. Gasketi iliyo chini yake huungua. Hapo maji yanaweza kuingia kwenye oili, nayo oili hugeuka rangi kama chai ya maziwa. Oili hiyo hailainishi tena. Vyuma husagana.

Basi, mpira mmoja ukatudai injini nzima. Fedha hatuna. Gari likakaa juu ya mawe miezi saba, kuku wakataga ndani yake.

Tufanye hesabu

Tuseme mna shilingi 20,000,000. Mkinunua gari la shilingi 20,000,000, mnabaki na 0. Mkinunua la shilingi 15,000,000, mnabaki na 5,000,000 za bima, oili, matairi, breki na spea. Gari hili la pili ndilo litakalotembea.

Kabla ya kununua

1. Nendeni na fundi wenu, siyo fundi wa muuzaji.
2. Injini iwashwe ikiwa baridi. Moshi wa buluu maana yake injini inakula oili. Moshi mweupe usiokwisha hata injini ikipata moto, huenda maji yanaingia ndani.
3. Chomoeni kijiti cha kupimia oili. Mkiona rangi ya chai ya maziwa, msinunue.
4. Chungulieni chini. Tazameni oili inayovuja na chuma kilicholiwa na kutu.
5. Kama injini ina mkanda wa ndani wa mpira, ulizeni ulibadilishwa lini. Mingi hubadilishwa kila kilometa 100,000 hivi. Ukikatika njiani, unaweza kuvunja injini.
6. Ulizeni bei ya spea mjini kwenu.

Mkishanunua, pimeni maji na oili kila asubuhi. Msifungue rejeta ikiwa ya moto, mtaungua. Mshale ukipanda, simameni papo hapo. Mnada utakuwapo tena. Injini ikifa imekufa.

Maswali ya kujadiliana

1. Kikundi chetu kilikosea wapi kabla ya kununua? Na njiani je?
2. Mkiwa na shilingi 12,000,000, mtatenga kiasi gani cha matengenezo?
3. Katika kikundi chenu, nani atapima maji na oili kila asubuhi?