Pasua tumbo la sangara kabla ya kuchagua chambo

Wanaoanza kutega ndoano huku Mwanza huniuliza ni chambo gani kinachovuta sangara kuliko vyote. Nami huwauliza: sangara wa wiki hii wanakula nini, na cha ukubwa gani?

Jibu limo tumboni. Samaki wa kwanza mpasue palepale mtumbwini, kabla joto halijaharibu vilivyomo. Aliyetoka kilindini huenda ametapika, basi mchungulie kooni na kwenye matamvua. Vyote utakavyokuta vipange ubaoni kwa urefu. Furu aliyekwisha kulainika utamjua kwa uti wa mgongo. Uduvi huyeyuka upesi wakabaki macho tu, vidoti vyeusi kama ufuta uliomwagika. Tumbo moja halitoshi. Pasua kadhaa, ya samaki wa ukubwa mbalimbali, kwa sababu sangara mchanga hula uduvi na vijidudu vya majini, na akikua ndipo hugeukia samaki.

Ukikuta mchanganyiko wa uduvi, dagaa, furu mdogo, hata mtoto wa sangara, yaelekea chakula ni haba na samaki hachagui. Hapo kambale mdogo kabisa wa chambo anatosha, ila sambaza ndoano eneo kubwa. Ukikuta furu walionona watupu, chakula kimejaa. Weka kambale anayelingana nao kwa urefu, la sivyo atapitwa.

Hili si la ziwa letu pekee. Mwaka 1974 Earl Werner na Donald Hall wa Marekani walichapisha jaribio lao: samaki aitwaye bluegill alipewa viroboto wa maji wa saizi tofauti. Walipokuwa wachache, alikula kila aliyekutana naye. Walipokuwa tele, aliwaacha wadogo akafuata wakubwa, kwani muda wa kumshughulikia mdogo ni muda wa kumkosa mkubwa.

Ziwa Victoria nalo limeshuhudia sangara akibadili mlo. Furu walipotoweka kwa wingi miaka ya 1980, alihamia kwa uduvi, dagaa na watoto wake mwenyewe. Furu walipoanza kurudi, naye akawarudia. Ndiyo maana simwamini anayeshikilia chambo kilekile mwaka mzima.

Mimi hupasua tena kila ninapohama eneo, hata kama ni kutoka ghuba moja kwenda ya jirani. Wa chini ya sentimita 50 siwapasui. Hao huwarudisha majini wangali hai.