SOMO LA FIZIKA: KWA NINI CHUKUDU INAKATAA KUSIMAMA



Wakati wa likizo wengi wetu tunatelemsha viazi na makala kwa chukudu, toka Kibumba mpaka Goma, juu ya kutafuta minervali. Mwenzetu mmoja alirudi na mguu wenye kufungwa bande. Alituambia: «Freni haikuharibika. Nilikanyaga kwa nguvu yote, lakini chukudu ilikataa.» Alisema kweli. Tuone sababu.

1. Nguvu ni nini?

Nguvu ni tendo la kusukuma ao la kuvuta. Inaweza kuanzisha mwendo, kuongeza mbio, kupunguza mbio, ao kugeuza njia ya kitu. Tunaipima kwa newtoni. Jina hilo linatoka kwa Isaac Newton, aliyetoa kitabu chake juu ya kanuni za mwendo mwaka 1687.

2. Kosa letu sisi wote

Chukudu iko mahali pa sawa, hakuna mtu anayesukuma tena, lakini ingali inaenda. Nguvu gani inaipeleka mbele? Wengi wetu tunajibu: «Nguvu ya yule aliyesukuma imebaki ndani.» Hapana! Hakuna nguvu inayoipeleka mbele. Kitu chenye kutembea kinaendelea vilevile, kwa mbio ileile na kwa njia ya kunyooka, mpaka nguvu ingine ikibadilishe. Chukudu inasimama kwa sababu ya msuguano, ni kusema magurudumu yanasuguana na ekseli na barabara. Mupake ekseli mafuta: itaenda mbali zaidi, na hakuna aliyeongeza kusukuma.

3. Tufanye hesabu

Freni ya chukudu ni kipande cha mpira ambacho mguu unakikandamiza kwa gurudumu la nyuma. Tuseme inatoa newtoni 150, na mbio ni metre 3 kwa segonde. Misuguano mingine tunaiacha.

a) Mahali pa sawa, chukudu tupu na mtu wake, kilo 100: itasimama kisha metre 3.

b) Mahali pa sawa, pamoja na mizigo, kilo 300: itasimama kisha metre 9. Kilo mara tatu, njia mara tatu. Freni ni ileile.

c) Kilo 300 kwenye mtelemko wa metre 1 kwa kila metre 20 za barabara: uzito wenyewe unavuta chini kwa newtoni 147. Freni ina 150. Kunabaki newtoni 3 tu za kusimamisha! Chukudu itaenda metre 450 mbele ya kusimama. Na kama mtelemko ni mkali kidogo kupita huo, haitasimama hata kidogo. Mbio itaongezeka tu.

Basi mwenzetu hakukosa nguvu ya mguu. Alikosa kupunguza mbio mapema, ao kupunguza mizigo, mbele ya mtelemko kuanza. Katikati ya mtelemko ni kuchelewa.

MAULIZO

1. Kwenye mtelemko uleule, chukudu tupu ya kilo 100 itasimama kisha metre ngapi?

2. Lori ikisimama gafula, kwa nini watu walio juu wanaangukia mbele?

3. Wewe unayebeba kilo 200 wakati wa likizo: utaanza kukanyaga freni wapi?