Kwa nini damu ya wengine haiandikwi?

Swali: Mbona mauaji ya nchi moja hutangazwa kila siku, ya nyingine kimya?

Jibu: Tazama kwanza muuaji ni rafiki wa nani. Mwaka 1984 maafisa wa usalama wa Poland ya kikomunisti walimuua padri Jerzy Popiełuszko. Magazeti ya Marekani yalieleza majeraha yake moja baada ya jingine, yakataka kujua nani aliyeamuru. Watafiti Edward Herman na Noam Chomsky walihesabu: padri huyo peke yake aliandikwa zaidi kuliko watumishi wa kanisa 100 waliouawa Amerika ya Kilatini wakijumlishwa, akiwemo Askofu Mkuu Óscar Romero, aliyepigwa risasi altareni mwaka 1980 nchini El Salvador, ambako Washington ilisaidia serikali. Inauma. Habari za Popiełuszko hazikuwa za uongo. Upendeleo ulikuwa kwenye nafasi na hasira. Ukisoma, angalia kama mwandishi anamtafuta aliyetoa amri, au anaishia kwenye maiti.