Maziwa ya Mgando, Bushera na Tumbo la Mgonjwa wa Saratani



Katika matembezi yetu ya nyumba kwa nyumba, Base Camp, Juru na Rubondo, jamaa wanaouguza wagonjwa wa saratani (kansa) hutuuliza swali moja kwa maneno tofauti. Mgonjwa amerudi kutoka Mbarara baada ya kuwekewa dawa, anaharisha, tumbo limejaa gesi, chakula hakitaki. Je, apewe maziwa yaliyoganda? Wengine wameambiwa hapana, maziwa yaliyochacha ni uchafu. Wengine wameambiwa kwamba bushera inaponya saratani yenyewe, kwa hiyo safari za hospitali ziachwe.

Hili la mwisho ndilo linalotutia hofu, kwa hiyo tulijibu kwanza. Hakuna chakula kilichochachuka kinachoondoa saratani. Mgonjwa anayeacha tiba kwa ajili ya kikombe cha bushera anaupa ugonjwa nafasi ya kuenea, na uvimbe unaotibika leo huenda usitibike baada ya miezi michache. Vyakula hivi vinaweza kusaidia tumbo tu, tena kwa kiasi.

KWA NINI TUMBO HUSUMBUKA

Dawa za saratani, zile ziitwazo kemotherapi, huua chembe za mwili zinazojigawa haraka. Chembe za saratani ndivyo zilivyo, lakini pia chembe za ngozi laini ya ndani ya utumbo, ambayo hujifanya upya kila baada ya siku chache. Ngozi hiyo ikichubuka, maji ya chakula hayafyonzwi sawasawa na mgonjwa huharisha. Mionzi inayopigwa chini ya tumbo, kama wanayopewa akina mama wenye saratani ya mlango wa kizazi kwenye Taasisi ya Saratani ya Uganda huko Mulago, Kampala, huleta shida hiyo hiyo.

Utumbo uliochubuka hushindwa pia kuvunja sukari ya maziwa. Ndiyo maana kikombe cha maziwa yasiyoganda kinaweza kuongeza gesi na kuhara, na yale ya mgando yakakaa vizuri tumboni: bakteria wamekwisha kula sehemu ya sukari hiyo kabla ya mgonjwa.

WATAALAMU WAMEONA NINI

Kila jamii hapa Nakivale ina jina lake la maziwa haya. Wakongomani wa Kivu husema mashanza, Wanyarwanda na Warundi ikivuguto, Wasomali garoor, na madukani huku huitwa bongo. Bakteria wanaoyagandisha wengi wao hawana madhara, na baadhi huleta faida wakifika utumboni wakiwa hai. Hao ndio waitwao probiotiki.

Mmoja anajulikana sana. Katika miaka ya 1980 wataalamu wawili wa Marekani, Sherwood Gorbach na Barry Goldin, walimpata katika utumbo wa mtu mwenye afya, akaitwa Lactobacillus rhamnosus GG. Huko Finland walimjaribu kwa wagonjwa 150 wa saratani ya utumbo mpana waliokuwa wakipata kemotherapi, na matokeo yakatangazwa mwaka 2007. Kati ya waliopewa bakteria huyo, walioharisha vikali walikuwa 22 kwa kila 100. Kati ya wasiopewa walikuwa 37 kwa kila 100. Waliopewa walipunguziwa dawa mara chache zaidi kwa sababu ya tumbo, na hilo si jambo dogo, kwa kuwa dawa ikipunguzwa mno saratani nayo hupumua.

Tusikimbie mbele, lakini. Wale walipewa bakteria waliopimwa kiasi, hawakunywa maziwa ya kila namna. Majaribio mengine yaliyofanywa baadaye matokeo yake hayakulingana.

Habari njema ni kwamba bakteria wa ukoo huo huo anapatikana Uganda katika pakiti ndogo za unga wa kugandishia zenye jina Yoba, na watengenezaji wa maziwa ya mgando katika magharibi ya nchi wamekuwa wakiutumia. Ndani yake amewekwa bakteria wa pili, kwa sababu huyu wa kwanza hawezi kula sukari ya maziwa peke yake. Mwenzake humtayarishia chakula. Ukinunua mgando Mbarara, uliza umegandishwa kwa unga gani. Muuzaji anayejua kazi yake hatakasirika.

HATARI AMBAYO WENGI HAWAIJUI

Ankole ni nchi ya ng'ombe, na ng'ombe wa huku huweza kuwa na brusela, ugonjwa wa homa za kurudiarudia na maumivu ya viungo. Kifua kikuu cha ng'ombe nacho hupita katika maziwa mabichi. Watu wengi huamini kwamba maziwa yakishaganda yamejisafisha. Sivyo: uchachu peke yake hautoshi kuua vijidudu hivyo. Maziwa yachemshwe KABLA ya kugandishwa, yaachwe yapoe hadi yawe vuguvugu ya kuvumilika kwa kidole, ndipo yatiwe unga au mgando safi, yafunikwe usiku kucha katika chombo kilichosafishwa kwa maji ya moto. Hapa kwetu friji ni adimu, kwa hiyo tengeneza ya kunywewa siku hiyo.

Bushera ina mambo mawili. Kwanza, watu wengi hupika uji, kisha hutia unga wa mtama ulioota bila kuupika, pengine pamoja na maji ya ziwa. Mgonjwa dhaifu asipewe hiyo. Ichemshwe tena, ni kweli bakteria wazuri watakufa, lakini atapata uji mwepesi wenye nguvu unaomezeka. Pili, ikikaa siku nyingi inakuwa pombe, nayo humkausha maji mwilini.

Kuna wakati hata mgando safi haufai. Kemotherapi hushusha chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili. Zikiwa chini sana, hata bakteria mpole anaweza kuingia kwenye damu na kuleta maradhi. Mwenye mpira wa dawa uliowekwa mshipani yumo katika hatari hiyo pia. Kwa hiyo kabla ya kuanza, mwulize muuguzi au daktari wa kitengo cha saratani: "Chembe nyeupe zake zikoje? Anaruhusiwa mgando?" Akiwa na vidonda mdomoni, uchachu utamchoma, subirini vipone.

AKIHARISHA

Mgando si badala ya maji ya chumvi na sukari. Kama huna pakiti ya kituo cha afya, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote viwe vya kusawazishwa. Anywe kidogo kidogo kila baada ya kuhara. Akiruhusiwa mgando, aanze na nusu kikombe kwa siku.

Homa ya nyuzi 38 au zaidi kwa mtu aliye kwenye kemotherapi ni dharura, hata usiku. Vivyo hivyo damu kwenye choo, kutapika kila anachokunywa, kukojoa kidogo sana, au kuhara kunakopita siku moja. Mpeleke kituo cha afya, na uwaambie mara moja kwamba anatibiwa saratani, wasije wakadhani ni malaria tu.

Tunawaomba pia mwandike katika daftari la mgonjwa siku aliyowekewa dawa, mara alizoharisha na alichokunywa. Daftari hilo liende naye Mbarara safari ijayo.