Mchoro Asilia na Nakala Yake

Katika vilima vya mawe vya Moru, kusini mwa Seronera, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, upo mwamba wenye michoro ya ngao za Wamaasai kwa rangi nyekundu, nyeupe na nyeusi. Wamaasai waliondolewa katika hifadhi hiyo mwaka 1959, hivyo wenye desturi ya michoro hiyo hawaishi tena mahali hapo. Mchoro wa namna hii ukifutika haurudi. Kwa hiyo yafaa mwanafunzi wa Tarime au Serengeti afahamu nakala huhifadhi nini, na hupoteza nini.

Nakala ya mkono. Mwaka 1951 Mary Leakey alinakili michoro ya miambani ya Kondoa kwa kufuatisha mistari yake juu ya karatasi angavu. Baadhi ya nakala hizo zilitolewa kitabuni mwaka 1983. Nakala ya aina hii huhifadhi umbo na kipimo halisi, lakini haionyeshi mikunjo ya jiwe wala jinsi mwanga unavyoliangukia.

Picha ya kuchapwa. Picha ya kitabuni au ya ukutani ikitazamwa kwa lenzi ya kukuzia, huonekana kuwa ni nukta ndogo za rangi nne: samawati, majenta, manjano na nyeusi. Jicho huzichanganya nukta hizo na kuona rangi nyinginezo. Mchoro wa mkono hauna nukta hizo. Huonyesha alama za brashi au za kidole. Aidha, nyekundu ya miambani mara nyingi hutokana na udongo wenye oksidi ya chuma, ambayo haibadiliki upesi juani, ilhali wino mwingi wa kuchapia hupauka.

Picha ya toleo maalumu. Msanii aweza kuchonga ubao, kuupaka wino na kuchapa idadi maalumu ya picha. Alama 12/50 chini ya picha humaanisha picha ya 12 kati ya 50. Picha hiyo si nakala ya kazi nyingine. Ndiyo kazi yenyewe.

Makumbusho huonyesha vitu vya asili, kwa mfano Makumbusho ya Mwalimu Nyerere huko Butiama. Mtazamaji hana budi kuuliza: Kitu hiki kina ukubwa gani? Kimetengenezwa kwa nini? Nani alikitumia?

Tahadhari: michoro ya miambani isiguswe wala kumwagiwa maji ili ionekane vizuri. Maji huyeyusha chumvi za jiwe, nazo zikikauka hubandua rangi.

Zoezi
1. Tazama picha ya gazeti kwa lenzi. Taja rangi za nukta uzionazo.
2. Funika nusu ya picha hiyo, uianike juani kwa majuma manne. Linganisha nusu mbili hizo.
3. Chora kifaa kimoja cha nyumbani kwenu, kama kibuyu au litungu, kwa vipimo kamili. Je, mchoro wako umeacha nini?