Gia ya Chevrolet inaganda njiani

*Nina pikapu ya Chevrolet ya 1964, gia tatu, kijiti kiko kwenye shina la usukani. Nikitoka ya kwanza kwenda ya pili kinaganda, hakiendi huku wala kule. Juzi nimezuia foleni nzima kwenye taa. Fundi anataka kushusha giaboksi. Nimkubalie?*
*Msomaji, Columbus, Ohio*

Asimkubalie bado. Kukwama kwenye taa kunatia hofu, lakini ugonjwa huu ni wa kawaida kwa magari ya aina hii, na mara nyingi giaboksi ni nzima.

Ndani ya boneti, chini ya shina la usukani, kuna mikono miwili mifupi ya chuma: mmoja wa gia ya kwanza na rivasi, mwingine wa pili na tatu. Kijiti huachia mmoja na kuushika mwingine kwenye nyutro. Bushi za mikono hiyo zikilika, mkono wa gia ya kwanza haurudi nyutro sawasawa, na kijiti hujikuta kimeishika yote miwili. Hapo ndipo kinapoganda.

Ikitokea tena, azime injini, afunge hendibreki, afungue boneti na kuisukuma mikono hiyo mpaka ilingane. Ajihadhari na ekzosi, inachoma. Nyumbani abadilishe bushi, apake grisi, kisha arekebishe fito zinazounganisha mikono hiyo na giaboksi, giaboksi ikiwa nyutro.

Gia zikikwaruza, akague klachi na oili ya giaboksi. Kushusha giaboksi kungoje dalili nzito: gia kuchomoka yenyewe, mngurumo unaokoma klachi ikikanyagwa, au vipande vya chuma kwenye oili.